Kifaa Kinachokesha Hufa Mapema

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, likaua zaidi ya watu 40. Msiba kama huo humtia mwanafunzi wa sayansi ari ya kubuni kifaa cha kuonya: maikrokontrola, kipimio cha kina cha maji, na redio ya kupeleka habari bila waya. Wazo hilo ni jema. Hata hivyo, mwalimu hana budi kumwuliza mapema: kifaa hiki kitakula umeme gani?

Katika maabara, kando ya soketi, kila kifaa ni hodari. Ukingoni mwa bwawa kuna betri tu. Natupige hesabu. Betri mbili za alkali za ukubwa wa AA, zikiunganishwa kwa mfululizo, hubeba takriban miliampea-saa 2,000. Kifaa kinachokesha kikitumia miliampea 50 kitazimaliza kwa saa 40. Hata siku mbili hazitimii. Lakini kikitumia miliampea 0.02 usingizini, na kuamka kwa sekunde tano kila saa kutuma habari kwa miliampea 100, kitakaribia mwaka mmoja na nusu.

Hapo ndipo penye mtego, kwani mafuriko hayangoji saa ipite. Kikiamka hivyo kila dakika, betri zile zile zitadumu siku kumi hivi. Busara basi ni kutenganisha kazi mbili: kipime kila dakika, kwa kuwa kupima hugharimu umeme kidogo, lakini kitume habari pale tu maji yanapopanda, pamoja na salamu moja kila siku kuthibitisha kwamba kingali hai.

Hata hesabu hiyo ni ya karatasini. Baridi ya usiku ya nyanda za juu kama Molo hupunguza nguvu za betri, na betri iliyochoka huenda ikalemewa redio inapotuma. Kifaa huzimika, huanza upya, na kila kuanza upya hula umeme zaidi.

Kwa hiyo jaribio la alasiri moja halitoshi. Kifaa kiachwe nje kwa miezi, mvuani na juani, na volti ziandikwe daftarini kila wiki. Katika maonyesho ya sayansi, waamuzi walitazame daftari hilo kabla ya kusifu taa zinazometameta mezani.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Lakini tahadhari iliyozimika wiki moja kabla ya mvua ni hatari nyingine, maana walio bondeni watalala wakiamini kuna anayewakeshea.