Kaka Kanenepa, Lakini Hajapona

Kaka yangu aliponenepa, watu wa Maili Moja, Kibaha, walitupongeza. Mashavu yalijaa, uso ukawa duara, na akimaliza wali anaulizia ukoko. "Wifi yako anajua kumtunza," wateja wangu walisema. Mimi ni fundi cherehani. Mteja akikuombea heri humkatalii. Niliitikia asante.

Kilichomnenepesha ni deksamethazoni. Fuvu halitanuki, kwa hiyo uvimbe unapokua ndani yake na ubongo ulio pembeni ukajaa maji, mgandamizo hauna pa kutokea. Ndipo kichwa kinapouma alfajiri na mtu kutapika ilhali hajala kitu kibaya. Kidonge hicho hukausha yale maji. Kilimtuliza kaka ndani ya siku chache, kisha kikampa njaa isiyoisha, kikamnyima usingizi na kumpandisha sukari. Anakimeza asubuhi, akiwa ameshakula, ili usiku alale. Hakiachwi ghafla hata siku moja. Mwili uliokizoea huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, kwa hiyo dozi hushushwa taratibu, na anayeishusha ni daktari.

Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Upo unaoota kwenye utando wa juu, unakua polepole, unatolewa na mtu anarudi shambani kwake. Wa kaka unaitwa glioblastoma. Shirika la Afya Duniani hupanga uvimbe wa ubongo kwa madaraja, la 1 hadi la 4, na huu uko daraja la 4. Ni nadra kusambaa kwenda viungo vingine, lakini hupenyeza nyuzi zake ndani ya ubongo wenye afya, na mpasuaji hawezi kuzifuata zote bila kuharibu anachotaka kukiokoa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ambao tiba ya sasa imejengwa juu yake, wagonjwa waliopata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomidi, nusu yao walivuka miezi 14 na nusu hivi, nusu hawakufika. Mimi nilitaka kuijua hesabu hiyo. Wifi hakutaka, na mbele yake haitajwi.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako licha ya jina lake ubongo nao hupasuliwa. Mionzi ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwenye lile jengo la Wajerumani la mwaka 1897 linalotazama bahari. Tiba hiyo kwa kawaida ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Mgonjwa hulazwa kitandani dakika chache, kichwa kimebanwa kwa barakoa ya plastiki yenye matundu iliyofinyangwa kwa uso wake mwenyewe, asicheze. Hakuumia. Uchovu ndio ulimlimbikia, na ulizidi hata baada ya mionzi kwisha.

Hapo ndipo nyumba zetu mbili zilipogombana. Mama yuko Kisarawe, kwenye mihogo na mikorosho, na alitaka mwanawe alale karibu naye. Kibaha na Kisarawe zimepakana, lakini njia ya vumbi ya Mzenga hadi Mlandizi haikufaa kwa kichwa kilichopasuliwa juzi, na kuzungukia Mbezi ni kubadili magari. Tukakubaliana: wakati wa mionzi akae kwangu, kwa kuwa Barabara ya Morogoro inampeleka mjini moja kwa moja, baada ya hapo arudi kwa mama. Mama alikubali kwa mdomo. Kila Jumamosi alikuja na kikapu kukagua.

Alikuja na kombe pia, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Nilimuuliza daktari waziwazi, naye akasema kombe anywe, vidonge visikosekane. Mizizi ya mganga aliyeletwa na mjomba tuliikataa, kwa sababu hakuna aliyejua ingefanya nini ikikutana na dawa za degedege.

Degedege lenyewe lilitukuta Kisarawe, mchana, watu wengi. Mmoja alikimbilia kijiko. Mwingine akapiga kelele tusiguse mapovu, yanaambukiza. Mate hayaambukizi kifafa, na kijiko huvunja meno. Mlaze mtu ubavu, mwekee nguo chini ya kichwa, ondoa mawe na viti, usimkandamize, usimpe maji, tazama saa. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, tafuta gari mara moja: kwa Kisarawe ni hospitali ya wilaya, kwa Kibaha ni Tumbi.

Yote hayo hujifunzwa. Lililomshinda wifi ni maneno. Uvimbe uko kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakoshughulikiwa. Kaka anajua anachokitaka, ila jina lake haliji. Anaomba koti, kumbe ana kiu. Ukimwanzishia Alhamdu, hata hivyo, anaisoma yote hadi amina bila kukwama, maana yaliyokaririwa tangu chuoni hayatoki kwa njia ile ile ya maneno tunayoyatunga papo kwa papo. Tumejifunza kumuuliza maswali ya ndiyo au hapana, kumwonyesha kikombe na koti achague, kuzima televisheni, kuzungumza mmoja mmoja. Na kungoja. Wageni humpazia sauti kama kiziwi, naye anakasirika. Siku nyingine hasira zinamshukia mkewe, mtu ambaye hakuwahi kumfokea, na wifi anajifungia chooni. Uvimbe hubadili tabia, na deksamethazoni nayo huchochea. Kulijua hilo hakuondoi uchungu wa kutukanwa. Anayemudu kuliko sote ni mtani wetu Msukuma, anayeingia akitangaza kwamba Mzaramo kajifanya bubu kukwepa deni la ngoma. Kaka hucheka hadi machozi.

Fedha. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. MOI na Ocean Road ni safari nyingine, na asiye na bima kubwa aanzie ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini, kabla bili haijatoka. Ukoo ulichanga vizuri kwa upasuaji, kisha simu zikanyamaza. Wengi wanamkumbuka Jadudi, mwanafunzi ambaye mwaka 2015 Wakenya walimchangia zaidi ya shilingi milioni sita za kwao, wakati ombi lilikuwa milioni moja, akatibiwe uvimbe wa ubongo India. Alifariki mwaka 2017. Kichwa kinapopasuliwa kila mtu anatuma. Nauli ya mwezi wa nne, nepi za mtu mzima, mshahara wa kibarua wa shambani, havimsisimui mtu. Sisi tukaomba kidogo kila mwezi kwa watu wachache, tukampa binamu mmoja kazi ya kuwasumbua.

Wazee walituonya kwamba kuzungumzia wasia ni kumchuria. Mimi naona kumchuria ni kungoja hadi maneno yameisha. Tuliketi naye asubuhi, saa zake nzuri, imamu na ami wakiwa mashahidi. Alimpa wifi namba ya siri ya simu. Aligawa mikorosho. Alisema uvimbe ukirudi hataki kupasuliwa tena, atunzwe Kisarawe, na kama maumivu yatazidi apewe morfini ya kunywa, dawa ambayo Ocean Road huwapa wagonjwa wakaitumie nyumbani. Mama aliondoka kwenda kupepeta mchele. Ami aliandika, kaka akitikisa kichwa kila aliposomewa vibaya. Mwisho yakaja madeni, na hilo ndilo lililomchukua muda mrefu kuliko yote, maana majina hayakuja, akawa anaonyesha nyumba kwa kidole. Yamelipwa yote isipokuwa la magunia mawili ya korosho, na mdai wake wa Maneromango amesema atasubiri msimu.