Mnyama Anapokuwa Ndiye Mzigo

Wahenga walinena: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, kwanza katika shule ya upili na baadaye katika ukumbi wa mihadhara, na kila mara nimeifafanua kama nilivyofafanuliwa na walimu wangu: kwamba jukumu sharti litimizwe, liwe liwalo. Kumbe ipo safari moja ambapo methali hii haina pa kusimama. Ni ile ambayo mnyama habebi mzigo, bali yeye mwenyewe ndiye mzigo. Hapo, punda akifa, hakuna kilichofika.

Somo hili sikulipata maktabani. Nililipata mwezi wa Desemba mwaka 2018 kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, nikiwa na shahada ya uzamifu mkobani na ujinga kichwani. Rafiki yangu mmoja, aliyefuga farasi wachache upande wa Ngong, alikuwa akimpeleka mmoja wao pwani. Kwa kuwa nami nilikuwa na safari ya Mombasa, aliniomba niandamane na lori lililomchukua. Tulikuwa watatu: dereva, mimi, na mzee mmoja saisi. Wanafunzi watanisamehe nikiwakumbusha kwamba saisi ni mtunza farasi. Neno limo katika kamusi zetu. Ni sisi tulioliacha likaota kutu.

Lori lilikuwa la kukodi, lililozoea kubeba viazi. Mimi ndimi niliyeshauri tulifunike kwa turubai pande zote ili jua lisimchome mnyama, na tumfunge kichwa juu kwa kamba fupi asije akajigonga. Saisi alilitazama turubai, akasema taratibu, "Mwalimu, kivuli kisicho na upepo ni tanuri." Nilitabasamu kama tabasamu la msomi mbele ya asiyesoma. Tukang'oa nanga saa mbili asubuhi, jua likiwa limekwisha kuchomoza.

Hadi Voi mambo hayakuwa mabaya. Jua lilikuwa kali, lakini lori lilikwenda na hewa ilikuwa kavu. Tulipokaribia Mariakani, majira ya saa kumi jioni, tukakuta foleni ndefu. Lori moja lilikuwa limepinduka mbele yetu, na magari hayakusogea hata hatua moja. Dereva akazima injini. Hapo ndipo nilipoifahamu maana ya neno fukuto.

Kiswahili hakikubahatisha katika jambo hili. Tuna neno joto, ambalo ni la jumla. Tuna pia hari, ambalo hubeba joto pamoja na jasho linalotokana nalo. Kisha lipo fukuto: joto la kufungiwa, lenye unyevu, lisilo na pumzi. Mkaazi wa bara huona maneno haya ni visawe. Mtu wa pwani hawezi kuyachanganya, kwa sababu mwili wake unajua tofauti. Katika joto kavu la Voi jasho hukauka, na kukauka kwake ndiko kunakoupoza mwili. Katika fukuto, hewa imekwisha kushiba maji, jasho halina pa kwenda, nalo hutiririka bure bila ya kumpoza mwenyewe.

Farasi hupata shida hii kuliko wanyama wengi. Ana mwili mkubwa, aghalabu kilo 450 au 500, wenye misuli mingi inayozalisha joto, ilhali ngozi ya kulitoa joto hilo ni ndogo ukiilinganisha na uzito wake. Hawezi kutweta kwa mdomo kama mbwa, kwani hupumua kwa pua peke yake. Tegemeo lake kuu ni jasho. Anapofanya kazi ngumu juani anaweza kutokwa na lita 10 au zaidi kwa saa moja, na jasho lake hutoka na chumvi nyingi kuliko la binadamu. Na tusidhani kwamba farasi aliyesimama ndani ya lori amepumzika. Kila kona na kila breki humlazimu akaze misuli ili asianguke. Anafanya kazi muda wote wa safari, bila ya sisi tulioketi mbele kujua.

Tulipolifunua turubai tulimkuta amelowa, povu limemjaa shingoni na mapajani, mianzi ya pua imetanuka, mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi. Saisi aliutazama ubavu, akahesabu pumzi huku dereva akishika saa. Zilikuwa 60 kwa dakika. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 tu. Mzee akailegeza kamba, farasi akakiteremsha kichwa hadi karibu na sakafu, akakohoa, kamasi zikamtoka. Kisha mzee akaagiza maji.

Hapo nikaingilia kati kwa mara ya pili. Nilikuwa nimesikia, sikumbuki wapi, kwamba maji baridi yakimwagiwa farasi aliyepata joto humkaza misuli na hata kumsimamisha moyo. Nikamsihi mzee asubiri mnyama apoe kwanza. Alinitazama bila ya hasira, akajibu, "Mwalimu, mimi nimewamwagia wengi. Niliowazika ni wale niliokosa maji ya kuwamwagia."

Maji yalifika kwa mkokoteni, mitungi ya plastiki imepangwa, ukikokotwa na punda. Tulinunua yote. Mzee alimwagia farasi shingoni, kifuani, mgongoni na mapajani, mtungi baada ya mtungi bila ya kukoma, huku mimi na dereva tukimpepea kwa magunia. Mchuuzi wa maji, aliyemsikia dereva akiniita Daktari, aliniuliza kwa huruma, "Daktari, atapona?" Niliona haya kumwambia kwamba udaktari wangu ni wa irabu na konsonanti. Baada ya nusu saa mzee alihesabu tena: pumzi 32. Farasi akainama, akanywa.

Niliporejea kazini nilisoma kuhusu suala hilo, kama ilivyonipasa kufanya kabla ya kuondoka. Nikakuta kwamba kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 1996 mjini Atlanta, mji wenye fukuto la kiangazi, watafiti wa tiba ya wanyama walilichunguza jambo lilo hilo. Waligundua kwamba maji baridi humpoza farasi upesi wala hayamdhuru. Imani niliyoitetea barabarani ilikuwa uvumi uliovaa joho la elimu. Saisi, asiye na joho, ndiye aliyekuwa na elimu.

Ni nini basi kinachompasa msafirishaji? Kwanza, aanze safari alfajiri, na safari ikiwa ndefu aigawe, mnyama alale njiani. Pili, apishe hewa. Paa la kuzuia jua ni jema, lakini pande sharti ziachwe wazi upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Lori likisimama, lisimame kivulini, na lisisimame muda mrefu, kwa maana wanyama wenyewe hutoa joto na mvuke unaojaa humo ndani upesi. Tatu, asimfunge kichwa juu. Farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hushindwa kuisafisha njia ya pumzi, vumbi na vijidudu vikateremka mapafuni, na siku chache baadaye akashikwa na ugonjwa ambao kwa Kiswahili twaweza kuuita homa ya safari. Nne, asimame kila baada ya saa nne hivi ampe maji. Farasi mzima hunywa lita 25 au zaidi kwa siku, lakini wengi hukataa maji wasiyoyazoea ladha yake, kwa hiyo ni busara kuyabeba ya nyumbani. Nyasi zilowekwe kidogo ili zisitoe vumbi. Na tano, aisome hali yake. Jotoridi la farasi mzima ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Likipita kiwango hicho baada ya safari, aitwe daktari wa mifugo, yule wa kweli.

Yamkini msomaji atauliza: wangapi kati yetu wana farasi? Ni wachache mno. Lakini ni nani asiyewahi kuona ng'ombe waliobanwa ndani ya lori juani, mbuzi waliofungwa miguu juu ya paa la matatu, au kuku walioning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli? Nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa pasipo sababu. Tunaipita kila siku ya soko kama tunavyopita kibao kilichofutika maandishi.

Tufani, kwani ndilo jina la farasi yule, alifika Mombasa usiku. Hakula vizuri kwa siku mbili, kisha akapona. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni jambo dogo lililotokea kabla hatujaondoka Mariakani. Mtungi mmoja ulikuwa umebaki na maji. Saisi aliyamimina katika ndoo, akaenda nayo hadi kwenye mkokoteni, akamwekea punda aliyetuletea maji ilhali yeye mwenyewe hakupewa tone. Punda akanywa ndoo nzima bila ya kuinua kichwa.

Walimu wenzangu, endeleeni kuifundisha methali ile. Ni urithi wetu, wala siombi ifutwe. Ila mkiisha kuieleza, mwulizeni mwanafunzi swali moja ambalo mimi sikuulizwa: je, punda amekunywa maji?