Tozo ya miamala yafika ufukweni Mweru

NCHELENGE, Zambia

Mnunuzi wa dagaa soko la Kashikishi (wenyeji huwaita chisense) akituma pesa kwenye namba ya kawaida ya muuzaji, serikali nayo huchukua chake. Tozo ya miamala ya mtu kwa mtu ilianza Januari 1, 2024, kuanzia ngwee 8 hadi kwacha 1.80. Mwaka 2025 ikazidishwa mara mbili, kilele kikawa kwacha 3.60. Viwango vyote viwili vilianza Januari, wakati uvuvi umefungwa na mifuko mitupu.

Mtumaji ndiye hukatwa, lakini yeye huomba apunguziwe bei. Muuzaji bado anadaiwa ada ya kutolea fedha kwa wakala.

Namba ya biashara haimo katika tozo hiyo. Ina mkataba, hata hivyo, na ada za mikataba ya aina hii hubadilika kwa taarifa tu. Wanaoisoma hadi mwisho ni wachache, hata mijini.

Tanzania iliyapitia hayo: tozo ya Julai 2021 ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, baada ya wananchi kulalamika.