Pointi za Ndege: Akiba Isiyozaa Riba

Pointi za ndege ni kama sarafu, ila mtoaji wake hupanga bei apendavyo. Tangu American Airlines ianzishe mpango wa AAdvantage mwaka 1981, mashirika mengi yamekuwa yakiongeza pointi zinazotakiwa kwa kiti kile kile. Anayezilimbikiza hapati riba, bali hupunguziwa thamani.

Msafiri anayetaka kupita Tokyo, Seoul, Taipei na Hong Kong wakati wa baridi aanze na hesabu. Tuseme nauli ni dola 900, na tiketi ya pointi 50,000 inadai kodi na ada za dola 150 taslimu. Pointi hizo zimeokoa dola 750, yaani senti 1.5 kila moja. Aliyezinunua kwa senti 2 amekula hasara.

Tarehe nazo zina bei. Japani, iliyohamia kalenda ya Magharibi mwaka 1873, hujaa wasafiri mwisho wa Desemba na siku za kwanza za Januari. Miji mingine mitatu husongamana Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Nafuu hutafutwa katikati ya misimu hiyo.

Aidha, pointi hutumika kwa washirika. Mwenye maili za Ethiopian Airlines anaweza kukata tiketi ya ANA ya Japani, kwani yote mawili yamo katika Star Alliance.

Kwa ufupi, pointi zitafutwe kwa safari inayojulikana, na zitumike kabla bei haijapanda tena.