Matembezi Kando ya Maji Katika Nchi Isiyo na Mto

Qatar haina mto. Hata hivyo, jamaa wapendao kutembea pamoja kando ya maji wanayo The Pearl, kisiwa kilichoanza kujengwa mwaka 2004 kwa kufukia bahari, chenye ufukwe wa takriban kilomita 32. Njia ya Porto Arabia huizunguka bandari ya mashua. Zile za Qanat Quartier hufuata mifereji iliyochimbwa kwa mfano wa Venice. Wakati mwema ni miezi ya baridi, baada ya Alasiri.

Lakini watoto waelezwe maana ya jina hilo, Lulu. Hapo palikuwa pahala pa kuvulia lulu, na miongoni mwa wapiga mbizi wa Ghuba walikuwamo watumwa waliotolewa Afrika Mashariki. Biashara hiyo iliporomoka miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Japani zilipoenea. Utumwa ukapigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Habari zao zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bin Jelmood, mtaani Msheireb. Asubuhi wapelekeni huko, jioni mtembee. Mtoto aijuaye historia hiyo hatadhani kuwa watu wa kwao wamefika pwani hii jana.