Samawari ya Stima na Moto Usioonekana

Hapana shughuli katika mwambao wetu isiyokuwa na kinywaji cha moto. Harusi ina chai yake ya maziwa na mahamri, matanga yana kahawa yake chungu, na maulidi hayajesha mpaka sinia la vikombe lipite safu kwa safu. Kahawa yenyewe ni mgeni wetu wa zamani kutoka Yemen, ambako masufii wa karne ya 15 waliinywa ili wasishikwe na usingizi katika dhikri zao za usiku. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku, lakini marufuku yale hayakudumu, na kinywaji kikaendelea na safari yake hata kikafika barazani petu.

Kwa miaka mingi moto wa vinywaji hivi ulikuwa wa makaa. Muuza kahawa alitembea na dele lake la shaba, makaa yamewaka chini yake, na kila aliyepita aliuona moto ule na kujitenga nao. Mwenye jiko la makaa hahitaji kuambiwa kwamba jiko ni moto. Hulitazama, na watoto huwakemea wasisogee.

Leo mambo yamebadilika. Stima, ambayo historia yake ya kuuzwa kwa watu katika Kenya yaanzia hapa hapa Mombasa mwaka 1908, imeingia mpaka jikoni. Nyumba nyingi zina birika la stima, na penye shughuli huletwa samawari kubwa ya bati lisiloshika kutu, ikajazwa maji, majani, tangawizi na iliki, ikachomekwa ukutani. Hapana moshi wala majivu. Lakini moto haukuondoka, msomaji mpenzi. Umehama tu, na sehemu yake moja yaweza kuhamia mahali asipopatazama mtu: ndani ya plagi, ndani ya soketi na ndani ya waya uliopitishwa chini ya mkeka.

Tuanze na hesabu, maana haina ugumu. Stima ya nyumbani kwetu ni ya volti 240. Samawari ya wati 3,000, ukizigawa wati hizo kwa volti 240, huvuta ampea 12 na nusu. Plagi yetu ya meno matatu ya mraba mwisho wake ni ampea 13. Basi samawari peke yake imekwisha kuijaza plagi pomoni. Sasa mtu huchukua ekstensheni moja, akachomeka samawari, kisha pembeni akachomeka birika la wati 2,200 ambalo lahitaji ampea 9 na kitu. Jumla ni karibu ampea 22 juu ya waya uliotengenezwa kubeba 13.

Hapo wengi husema, "Si ipo fyuzi? Ikizidi itakatika." Maneno haya ni kweli nusu. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki mara tu inapopita 13. Ikipitiwa na ampea 20 yaweza kustahimili kwa nusu saa na zaidi, na muda wote huo waya unachemka. Tena liko jambo la pili, nalo ndilo linalowapiga chenga hata mafundi: plagi yaweza kuungua bila ya stima kuzidi hata kidogo.

Sababu yake ni skrubu iliyolegea. Stima inapopita mahali pembamba au palipolegea hukutana na ukinzani, na penye ukinzani huzaliwa joto. Kanuni hii aliieleza James Prescott Joule wa Uingereza mwaka 1841: zidisha ampea kwa ampea, kisha zidisha kwa ukinzani, utapata wati za joto. Chukua mfano wa birika linalovuta ampea 10 na kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu moja tu. Kumi mara kumi mara moja ni wati 100. Maana yake ni kwamba ndani ya plagi isiyozidi kiganja cha mtoto pamewaka joto la balbu ya wati 100, na hapana upepo wa kulipoza. Fyuzi haioni kitu, kwa kuwa ampea ni zile zile 10. Swichi ya kujikata katika boksi la mita nayo haioni kitu.

Na sisi watu wa pwani tuna adui wetu zaidi, nao ni hewa ya chumvi. Hewa hii hula shaba, huipaka ukungu wa kijani, na ukungu ule ni ukinzani. Soketi ambayo bara ingekaa miaka mingi, hapa ufukweni huchakaa upesi, na vibano vyake vya ndani hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa.

Basi mtu atatambuaje? Dalili ya kwanza ni pua. Plastiki ngumu ya plagi na soketi inapochomeka hutoa harufu inayofanana na samaki aliyeharibika. Nyumba yetu haikosi samaki, na kwa hivyo watu huipuuza harufu hiyo. Lakini ukiisikia siku ambayo hapakupikwa samaki, na samawari imechomekwa, usiende kutafuta jikoni, tafuta ukutani. Dalili nyingine ni rangi ya kahawia kandokando ya matundu ya soketi, mlio wa chichichi, taa zinazopepesa kila samawari ikishika moto, na plagi iliyo ngumu kuchomoka kwa kuwa imeanza kuyeyuka.

Ukiona moja katika hayo, zima swichi kwanza, kisha chomoa kwa mkono mkavu. Ikiwa soketi imekwisha kuyeyuka au yatoa moshi, usiiguse. Zima swichi kubwa ya nyumba. Wala usimwagie maji.

Baada ya hapo uliza swali moja: joto liko wapi? Jibu lake ndilo litakaloonyesha ugonjwa. Ikiwa waya mzima umepata moto kutoka mwanzo hadi mwisho, basi waya ni mwembamba au mzigo ni mkubwa. Waya wa milimita za mraba 0.75 ni wa ampea 6. Samawari yataka usiopungua 1.25, na 1.5 ni bora zaidi. Ikiwa waya ni baridi lakini plagi ni ya moto, fungua plagi: utakuta skrubu imelegea, au vishikio vya fyuzi vimepanuka. Ikiwa jino moja tu la plagi limekuwa jeusi, kibano cha soketi upande ule kimechoka. Ikiwa joto liko pale waya unapoingia katika samawari yenyewe, kiungo cha hapo kimekwisha. Na ikiwa ukuta wenyewe una joto, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, wala si ya mtu mwenye kisu na utepe.

Ekstensheni ya kuzungusha ina siri yake. Ikiachwa imeviringwa, waya mmoja humpasha mwenziwe joto, na hauwezi tena kubeba ampea 13. Nyingi zimeandikwa ubavuni kwamba zikiviringwa mwisho ni ampea chache tu. Ifungue yote, uitandaze, na usiifunike kwa mkeka wala zulia.

Dawa ya plagi iliyoungua ni kuitupa. Soketi iliyoungua nayo ibadilishwe pamoja nayo, kwani plagi mpya ikitiwa katika soketi mbovu itaungua vile vile, na soketi mpya itaharibiwa na plagi mbovu. Waya uliogeuka mweusi ukatwe mpaka ionekane shaba inayong'aa, kisha ukazwe barabara. Usiutie risasi ya kuchomea kabla ya kuukaza, maana risasi hubonyea chini ya skrubu na kiungo hulegea tena. Na ile desturi ya kuifunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya sigara ni sawa na kumfumba macho mlinzi wa mlango.

Tusisahau na maji yetu. Maji ya visima vya pwani, yanayopita katika mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Chokaa hushika kwenye chuma kinachochemsha maji, na samawari ikachukua muda mrefu zaidi kuchemka, na muda wote huo waya unabeba mzigo. Maji ya ndimu yaliyochemshwa na kuachwa humo saa chache huiondoa.

Kwa nini tukazane hivi juu ya jambo dogo kama plagi? Tazama miji yetu ya kale, Mombasa na Lamu. Nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, dari ni za boriti, na vichochoro ni vyembamba hata gari la zimamoto haliwezi kupita. Usiku wa shughuli, akina mama wako uani, wazee barazani, watoto wamelazwa orofani, na samawari inachemka peke yake ukumbini kwa kuwa haina moshi wa kumkumbusha mtu. Moto ukianza nyumba moja, hauombi ruhusa kwa jirani.

Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kabla ya shughuli ijayo, mpeni mtu mmoja kazi ya kuwa karibu na samawari, na kila robo saa aguse plagi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu si neno, ikimchoma, izimwe. Nami namwachia ubeti huu:

Moto ukiwa mekoni, mpikaji auona,
Wa waya u ukutani, hufukuta kwa hiana,
Kipata harufu ndani, zima usingoje tena,
Heri chai kuchelewa, si nyumba ikaunguwa.