Foromali na Pepo za Ziwa Kivu

Je, wajua kwamba tanga la jahazi, lisifiwalo kila yanapozungumzwa mambo ya vyombo, halikubuniwa kwa kugeuka mara kwa mara? Mlingoti wake huinama kidogo mbele, na juu yake hutundikwa foromali, mti mrefu upandishwao kwa henza, ncha yake moja ikishuka karibu na omo na ya pili ikielekea juu, nyuma ya chombo. Na kwa kuwa foromali hukaa ubavu mmoja wa mlingoti, upepo ukija kutoka ubavu huohuo huligandamiza tanga juu ya mlingoti na kuliharibia umbo. Kwa hiyo nahodha anapobisha, aghalabu hapitishi omo katika upepo, bali huupa upepo tezi. Mabaharia wakalegeza kamba ya demani, wakaivuta ncha ya chini hata foromali ikasimama wima sambamba na mlingoti, wakalizungusha tanga lote kwa mbele, ilhali wenzao wanazihamisha kamba zinazoushikilia mlingoti, ndipo demani ikakazwa upya. Ni hikima kubwa, walakini hutaka mikono mingi na bahari pana, na kila mara chombo hupoteza masafa kiliyokwisha kuyapata.

Hasara hiyo ilikuwa ndogo kwa wasafiri wa Bahari ya Hindi, maana kaskazi na kusi ni pepo za miezi. Jahazi lilifika hata maziwani kwetu: mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Speke alivuka Ziwa Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge kutaka kukodi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, asilipate.

Lakini Ziwa Kivu lina tabia nyingine. Liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na upepo wa mbio zilezile hulisukuma tanga kwa nguvu iliyopungua takriban sehemu moja katika saba; mchana upepo hupanda kutoka ziwani, usiku hushuka kutoka milimani, na baina ya rasi za Bukavu na kisiwa cha Idjwi hupinda kwa ghafula. Mintarafu ya ziwa la namna hii, naona kuchagua tanga la jahazi ni kutanguliza uzuri mbele ya manufaa. Bora ni milingoti miwili, mkubwa mbele na mdogo nyuma, yenye matanga ya pembetatu ya namna ya Bermuda, yafungwayo nyuma ya milingoti na kujihamisha yenyewe omo ipitapo katika upepo, pamoja na tanga dogo la omo. Na dhoruba ikishuka, tanga la mlingoti mkubwa huteremshwa, chombo kikaendelea kwa matanga madogo ya omo na nyuma, mikononi mwa watu wawili.

Linaloniumiza ni kwamba wavuvi wa sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanacho tayari chombo kisichopinduka kwa wepesi, mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti ya mikaratusi, nao hukipeleka kwa kafi usiku kucha, au kwa mota inayokula faida yao. Tanga dogo lingewafaa kwenda uvuvini, kurudi sokoni, kuchukua ndizi na maharagwe ya Idjwi, kuvusha wanafunzi, hata kuokota chupa za plastiki zinazoelea hadi kuziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi.

Mafundi wa mitumbwi, anzeni na tanga moja juu ya mtumbwi wa katikati, na ubao wa kuzuia chombo kisisukumwe ubavu, mkalijaribu karibu na nchi kavu kabla ya pepo kali za Juni.